"Ni senso tu bosi": kabla hujanunua gari mbovu ya dizeli ya bei ya kutupa

Ukiona dabo kabini inauzwa nusu ya bei ya wenzake na broka anakwambia "ni senso tu bosi", jiulize, kama ni senso si angeibadilisha auze bei kamili? Mimi niliingia huo mtego 2019, nikaambiwa ni injekta moja (ile ya kunyunyizia dizeli kwa silinda), na kweli ilikuwa injekta moja, shida ni hiyo injekta ilikuwa imeshatoboa pistoni.

Sisemi usinunue. Kuna jamaa yangu alichukua Prado haina nguvu hata kidogo, kumbe ni paipu ya intakula (ile ya kupoza hewa inayoingia kwa injini) imepasuka, akaweka nyingine na bado anaiendesha. Kwa hivyo cha kutafuta ni kama ubovu una mwisho, yaani kitu unaweza kufungua, ubadilishe, ufunge, ama umeshaingia ndani ya injini.

Kabla hata ya kwenda kuona gari, pita kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, Nairobi, uulize injini kamili ya eksi-Japani (iliyotumika huko Japani) ya hiyo modeli ni ngapi, na uulize vizuri kama inakuja na tabo (ile ya kusukuma hewa kwa injini), pampu ya dizeli na injekta zake ama unauziwa nusu injini. Ongeza kazi ya fundi, oili, brekidauni ya kuivuta, klachi kama ni ya mkono (ukishashusha giaboksi ni ujinga kurudisha klachi iliyoisha), na shughuli ya kubadilisha namba ya injini kule NTSA, wale wa kusajili magari. Jumlisha na bei ya gari. Ikikaribia bei ya gari kama hiyo isiyo na ubovu, baki nyumbani. Ikibaki chini sana, sasa ndio utoke.

Mpigie muuzaji umwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kitu cha kwanza weka mkono kwenye injini, ikiwa na joto ujue kuna kitu kinafichwa, mwambie utarudi kesho asubuhi. Injini ya dizeli iliyopashwa moto inaficha mengi, na asubuhi ya Nairobi yenye baridi, ile ya Julai, ndio inaisema ukweli.

Kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha redieta uangalie maji, yakiwa na mafuta juu, funga uende. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, mafuta yanashuka ndani, ama injekta inavuja ama ile DPF (chujio la masizi kwenye egzosi) imekuwa ikijaribu kujisafisha kila saa inakatizwa. Hii utaiona sana kwa Mazda CX-5 ya dizeli, hadi dipstiki yake iko na alama ya X juu ya F ya kukuonyesha oili imezidi. Chujio hilo linataka gari ikimbie barabarani bila kusimama ndio masizi yaungue, sasa mtu anaishi Umoja anafanya kazi taoni, yeye na jamu ya Jogoo Road, litajisafisha saa ngapi?

Washa sasa uangalie nyuma. Moshi mweupe wa dakika moja halafu unaisha, mara nyingi ni hita plagi (ile ya kupasha silinda joto wakati wa kuwasha), hiyo si kitu. Mweupe unaochoma macho na hauishi ni dizeli haiungui, ni injekta ama kompresheni imeshuka. Mweupe wenye harufu ya utamu ni kulanti (maji ya redieta) inaingia kwa silinda, na ukishika paipu ya juu ya redieta uikute imekauka kama mti na injini bado baridi, gasketi imeenda, pengine na hedi imepasuka. Mweusi ukikanyaga usikutishe sana, anza na hewa: filta, paipu za tabo, EGR (vali ya kurudisha moshi kwa injini). Wa bluu ni oili, na hapo ombea iwe ni tabo.

Halafu hii ndio naiamini kuliko zote. Injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha oili ukigeuze ukiweke juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo ni kawaida ya dizeli. Kikiruka kianguke, na moshi unatoka kwa mapigo kama treni, ringi zimeisha, na hakuna senso ya kurekebisha hiyo.

Kama bado uko na moyo, lipa fundi wako mwenyewe, umlipe pesa yake kamili mkononi asije akala na broka. Alete mashini ya kusoma kompyuta ya gari, asome presha ya reli (bomba la kugawa dizeli kwa injekta) inayotakiwa na inayopatikana gari ikivuta, namba za makosa peke yake hazisaidii maana zilifutwa jana. Apime pia ritani ya injekta (dizeli inayorudishwa na kila injekta) kwa vichupa, ile inayojaza haraka kuliko wenzake ndio mbovu. Zikiwa mbovu zote nne fikiria pampu, maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi chuma vizuri, na huo mchezo ulizidi hadi 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Pampu ikisagika inatuma vyuma hadi kwa injekta, utaosha tangi na paipu zote.

Mwisho iendeshe Waiyaki Way kutoka Westlands upande hadi Limuru, bila kuibembeleza. Tabo iliyochoka itajulikana Kinoo, gasketi itajulikana kabla ya Limuru.

Logbuku utaangalia mtandaoni, hakikisha benki haina mkono hapo. Kuhusu bei, usibishane kwa vile gari inang'aa, toa ile hesabu ya Kirinyaga Road uiondoe kwenye bei ya gari isiyo na ubovu, utaje kinachobaki. Akisema tena ni senso tu, mwambie aibadilishe halafu akupigie.