Kuingia Mabira na mbwa kwa moyo uliotulia

Kabla ya kuwaza mtapita njia gani katika msitu wa Mabira, hapa Uganda, mfundishe mbwa wako jambo moja tu: kutembea huku kamba imelegea. Msituni hutahitaji mbwa anayejua kutoa mkono wala kudaka mpira. Unahitaji mbwa asiyekuvuta, na wewe usiyemvuta. Ibada yote ninayoieleza hapa, ya kusali ukitembea msituni na mbwa, imo ndani ya kamba hiyo.

Ninaishi Walukuba, Jinja, mtaa ambao wengi wetu tulikikuta Kiswahili uani kwa majirani, na ninafundisha katekisimu parokiani. Mbwa wangu anaitwa Chui. Ni wa kienyeji, rangi ya udongo, masikio wima, ubavuni ana madoa yaliyompa jina. Watu huniuliza, "Mama katekista, mbwa na sala wapi na wapi?" Ninawafungulia Kitabu cha Tobiti: kijana Tobia aliposafiri na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao, na Maandiko hayakuona vibaya kumtaja. Jirani yangu, alhaji, fundi viatu, akaniongezea ya kwao: katika Sura ya Al-Kahf, vijana walipolala pangoni mbwa wao alikuwa kizingitini, amenyoosha miguu yake ya mbele. Alhaji hamgusi Chui, kwa ajili ya udhu wake, nami humshika Chui asimkaribie na mate yake. Lakini mkanda wa kifuani anaouvaa Chui ameushona yeye.

Mafunzo yaanzie uani, asubuhi kabla watoto hawajaanza kelele. Tumia kamba ya pamba ya mita mbili hivi. Ya katani huchuna viganja. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, usiifunge shingoni. Tembea. Kamba ikikazika, simama. Usiseme neno, usimvute. Atageuka kukutazama, kamba italegea, na hapo mwendelee. Mwanzoni huenda msifike hata getini, na hilo si hasara, kwa sababu anayefundishwa zaidi ni wewe. Siku niliyoamka na hasira, kamba hukazika kabla sijajua kwamba nina hasira. Mdomo unaweza kusema "niko sawa", mkono hauwezi. Nimejua hali ya moyo wangu kupitia kiganja hicho kuliko kwa maswali mengi niliyojiuliza nikiwa nimepiga magoti.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima, na kadi yake uibebe. Kisha chagua mahali panapofaa. Hifadhi za taifa kama Bwindi, Kibale na Mlima Elgon mbwa hapelekwi, na ninakubaliana kabisa na katazo hilo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa huubeba, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mabira ni hifadhi ya misitu chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na ndani yake kuna vijiji ambavyo watu wake hupita na mbwa wao kila siku. Hata hivyo anzia ofisini Najjembe. Jitambulishe, eleza unachotafuta, omba mtu wa kuwaongoza na umwachie yeye achague njia. Askari wa msitu akisema leo haiwezekani, mshukuru mrudi nyumbani. Ana sababu: mbwa wengi anaowakuta mle ndani ni wa wawindaji, wamefungwa kengele shingoni. Kwa hiyo wako asiwe na kengele, na kamba isitoke mkononi mwako hata dakika moja. Mitego ya waya nayo ipo, na haichagui mguu.

Taxi za abiria hazimtaki mbwa, basi mimi na rafiki yangu hukodi gari dogo, tunavuka daraja jipya la Nile lililofunguliwa 2018 na kuelekea Lugazi. Pale Najjembe wauza kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, watakuja mbio dirishani na vijiti vyao. Nunua ukitaka, lakini mifupa ya kuku aliyepikwa usimpe mbwa. Hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Fikeni mapema. Huku kwetu kwenye ikweta jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi mwaka mzima, na saa mbili zinazofuata ndizo bora. Chagua Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti, njia zikiwa kavu. Simu izime.

Ukingoni mwa msitu simameni. Usiingie bado. Mwache mbwa anuse hadi atosheke, hata kama mwongozaji anaanza kuhamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Mimi hapo husema sala moja tu, "Bwana, nipo," mara moja kwa kila pumzi. Mwislamu anaweza kuleta dhikri yake, na asiye na dini anyamaze tu, kunyamaza kunatosha.

Mkishaingia, kanuni ni hii: mbwa akisimama, nawe simama. Usiulize ameona nini. Sisi wanadamu tunaingia msituni na orodha: nione ndege fulani, nifike maporomoko, nipige picha. Mbwa hana orodha. Atakaa kwenye jani moja bovu kwa muda ambao ungeufanya ukasirike mjini, pua ikifanya kazi, na wewe huna la kufanya ila kuwapo. Katika vituo hivyo ndipo ninaposikia. Kwanza majani, kisha maji mbali, kisha hondohondo akipita juu ya miti, mabawa yake yakivuma kwa nguvu hadi Chui anainua kichwa. Nisingesimamishwa, ningepita nikiwaza bei ya mchele.

Tafuteni mti mkubwa mmoja, mvule ukiupata, mkae chini yake. Lakini kwanza pigapiga majani kwa fimbo, maana nyoka wa jamii ya kifutu hulala kwenye majani makavu bila kujongea, na angalia mstari wa siafu. Mbwa akilala, mwombee mtu mmoja. Mmoja tu kwa safari moja, kwa jina lake, bila haraka. Mara kadhaa nimewaombea waliopoteza maisha Kampala, Aprili 2007, katika maandamano ya kupinga sehemu ya Mabira kukatwa ili ilimwe miwa. Kivuli ninachokalia kilikuwa na watetezi.

Kima wakipiga kelele juu yenu, mkalishe mbwa, mgeuze uso upande mwingine, msubiri wapite. Wao wanamjua kama adui na wana haki. Siafu wakimpanda, mwondoe njiani mbio, kisha mchambue mmoja mmoja, hasa katikati ya vidole na kwapani. Mkikutana na wanakijiji, fupisha kamba, mweke mbwa upande wa mbali, toa "gyebale ko" yako, salamu ya Kiganda, kikamilifu. Wengi wanaogopa mbwa, wachache watafurahi: miongoni mwa Waganda upo ukoo wa Mbwa, ambao mnyama huyu ni muziro wao, yaani mnyama wa alama ya ukoo.

Joto la msituni linadanganya kwa sababu kuna kivuli. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema hakumsaidii sana. Beba maji yake mwenyewe na bakuli. Ufizi ukiwa mwekundu kupita kawaida, mate mazito, hatua zikiyumba, safari imekwisha: mloweshe tumbo na mapaja, mpe maji kidogo kidogo, rudini taratibu.

Nyumbani, kabla hujala, mkague kupe. Angalia ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya vidole. Wang'oe kwa kibano, ukishika karibu na ngozi. Wiki zinazofuata mwangalie. Akikataa chakula, ufizi ukapauka, au mkojo ukawa wa rangi nzito, huenda ni homa ya kupe. Jicho likiingia ukungu mweupe, fikiria mbung'o, kwani mbwa nao hupata ugonjwa wa malale. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na neno la kwanza kumwambia liwe kwamba mlikuwa msituni, na lini.