Kadi ya mpiga kura haitoshi kwenye kura ya mtaa

Kwa wa Moshi na Arusha, serikali za mitaa zina orodha yao ya wapiga kura, tofauti na daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi, so hata kama kadi unayo lazima ukajiandikishe tena kwenye mtaa unaoishi, kama 2024 ilivyokuwa Oktoba, kura 27 Novemba. Wakibandika majina nenda kalitafute lako ulipige picha na simu, maana siku ya kura wanaangalia hiyo orodha, na jina likikosewa herufi au halipo kabisa bado una muda wa kulalamika. Ila ukiwa umejiandikisha Pasua halafu ukahamia Majengo, Majengo hupigi, na picha haitakusaidia kitu. Kitambulisho beba, hata cha NIDA.