Kuingiza biskuti za pakiti Nairobi

Anza na lebo, si na meli. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha za pakiti yenyewe, pande zote. Tafuta viungo, uzito halisi, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jina la kiwanda na nchi ilikotoka, kwa Kiingereza au Kiswahili. Biskuti zenye lebo ya Kituruki kitupu, kwa mfano, zitakwama, hata ziwe tamu vipi. Ngano, maziwa, karanga na ufuta vitajwe waziwazi kwa ajili ya wenye mzio.

Ankara ya muuzaji mpe wakala wa forodha mwenye leseni. Kwa namba za forodha za kuainisha bidhaa (HS), biskuti tamu ni 1905.31, weifa 1905.32, usizichanganye kwenye mstari mmoja.

Cheti cha ubora cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hutolewa huko mzigo unakotoka, kabla haujapakiwa. Mzigo ukitua bandari kavu ya Embakasi bila hicho, utakaguliwa hapa kwa gharama yako, na gharama ya hifadhi ya kontena haingoji mtu.

Hesabu: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 16% hupigwa juu ya bei, bima, nauli na ushuru wa forodha wenyewe. Wengi hupiga kwa bei ya ankara pekee, kisha wanakimbilia mkopo.