Somo: Istilahi za hadithi fupi, kwa hadithi moja ya feri

Tuchukue kisa kifupi. Bakari ni baharia wa feri ya Likoni, Mombasa. Kila safari huwafokea abiria wasisogee ukingoni. Alfajiri moja king'ora kinalia, anamkumbuka nduguye aliyezama wakiwa wadogo. Kabla feri haijagusa ng'ambo, Bakari mwenyewe yumo majini.

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Kisha andika msuko kwa sentensi tatu: mambo yanavyoanza, mgogoro, kilele na mwisho wake. Ukizidi hapo unasimulia upya.

Mara ya pili tafuta wahusika, mandhari na msimulizi. Kwenye mandhari, "Likoni" pekee haitoshi. Alfajiri na msongamano wa abiria pia ni mandhari. Mhusika wa upande mmoja, asiyebadilika, ni bapa; mwenye pande nyingi ni duara. Bakari ni mkali huku ndani anaogopa, kwa hiyo ni duara. Msimulizi naye usimwite mwandishi, hata akisema "mimi".

Mara ya tatu ndiyo ya mbinu, na hapa ndipo alama zinapopotea. Mwanafunzi anaandika "kuna mbinu rejeshi" akaweka nukta. Fanya mambo matatu: taja, thibitisha, eleza kazi yake. Mbinu rejeshi (hadithi kurudi kwenye yaliyopita): Bakari anamkumbuka nduguye. Kazi: tunajua ukali wake umetoka wapi. Kinaya (mambo kwenda kinyume cha matarajio): mwonyaji ndiye aliyetumbukia. Taharuki: tunataka kujua kama ataokolewa.

MASWALI

Maalim, tashbihi na sitiari zanichanganya.
Tafuta kiunganishi: kama, mithili ya, sawa na. "Feri imejaa kama kapu la dagaa" ni tashbihi. "Feri ni kapu la dagaa" ni sitiari. Ila si kila "kama" ni tashbihi. "Kama utakuja" ni sharti tu.

Kitabu kimoja cha Tanzania kinaweka dhamira ndani ya maudhui. Mwalimu wetu hapa asema dhamira ni lengo la mwandishi. Nishike lipi?
Yote yanatumika. Tanzania maudhui hubeba dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa. Darasani Kenya dhamira hufunzwa zaidi kama lengo la mwandishi. Unafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya? Mfuate mwalimu wako.

Swali la dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa hadithini, likisema "eleza muktadha", naandika nini hasa?
Msemaji, msemewa, mahali na kilichosababisha maneno hayo. Wengi husahau la mwisho, au hueleza yaliyofuata badala ya yaliyotangulia.

Na Bakari kuanguka, si sadfa?
Hapana. Sadfa ni mambo mawili kukutana bila kupangwa. Lau anayemvuta kutoka majini angekuwa abiria yuleyule aliyemfokea dakika tano nyuma, hapo ungeandika sadfa, na kinaya kingebaki palepale.