Kufuatilia maji ya chini ya ardhi: anzia kwenye mdomo wa bomba

Nimepima visima katika nyanda kavu za Dodoma kwa miaka kumi na saba, na haupiti mwaka bila mtu kunipigia simu: "Kaka, tumepata fedha kidogo, tunataka kuanza kufuatilia maji ya chini ya ardhi kwenye wilaya zetu tatu. Tununue vifaa gani?" Namwambia asinunue kitu kwanza. Atafute gari, daftari na fundi anayevijua visima vya huko, wazunguke wiki mbili.

Nina sababu. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ndipo palipo visima vikubwa vya mji huu, na kina cha maji kimekuwa kikipimwa pale tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kumbukumbu za miaka 55 za visima hivyo. Ukiutazama mchoro wake unaelewa kila kitu: maji yanashuka polepole mwaka baada ya mwaka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua nzito, kama ule wa El Niño wa 1997/98, yanapanda kwa nguvu. Misimu michache ya namna hiyo ndiyo iliyojaza sehemu kubwa ya akiba. Mradi wa miaka mitatu ungeona kushuka tu na kuwatia watu hofu, au ungeangukia mwaka wa mafuriko na kusema maji ni tele. Kwa hiyo panga kitu ambacho ofisi yako itamudu kukiendesha miaka ishirini, hata wafadhili wakishaondoka.

Katika zile wiki mbili, tafuta visima visivyopampwa. Kisima chenye pampu kinakuonyesha pampu imefanya nini asubuhi hiyo, hakikuonyeshi hali ya mwamba unaohifadhi maji. Visima vilivyoachwa viko vingi: pampu iliharibika, au maji yalikuwa na chumvi. Kila kimoja kijaribu kama bado kiko hai. Pima kina, mimina ndoo tatu nne za maji safi, kisha pima kila dakika. Maji yakirudi pale yalipokuwa, kisima kinapumua pamoja na mwamba. Yakibaki juu saa nzima, vichujio (matundu ya bomba yanayoingiza maji) vimeziba, au watoto wamejaza mawe. Kisafishwe au ukiache. Visima kumi na viwili vilivyo hai vinatosha kuanzia. Chagua vingine karibu na mto wa mchanga, ule unaotiririka wakati wa mvua tu, na vingine mbali nao, maana kwenye nchi kama yetu maji mengi huzama pale mto unapopita wakati wa mvua, na utataka kuona yanachukua muda gani kufika pembeni.

Sasa jambo ninalolisisitiza sana: alama ya kupimia. Mwaka wangu wa tatu kazini nilichora mchoro wa kisima kimoja nikaona maji yamepanda sentimita 62 katikati ya kiangazi. Nilifurahi, nikapeleka habari kwa wakubwa. Kumbe aliyenitangulia alikuwa akipima kutoka mdomo wa bomba linalokinga kuta za kisima, na mimi nilipima kutoka kwenye sakafu ya zege iliyo chini yake. Tangu siku hiyo, kila kisima ninachokiandikisha nakata mkwaruzo kwa tupa kwenye ukingo wa bomba, upande wa kaskazini, naupaka rangi nyekundu, naupiga picha. Kipimo chochote huanzia hapo. Mwinuko wa mkwaruzo huo mwite mpima ardhi aupime kwa darubini yake. GPS ya mkononi inaweza kukosea mita kadhaa, na wewe unatafuta sentimita.

Kupima kwenyewe hakuna uchawi. Wengi tunatumia utepe wenye nyaya ndani na kengele: ncha ikigusa maji inalia. Betri ikiisha porini, rudi kwenye utepe wa chuma na chaki. Paka chaki mita tatu za mwisho, shusha mpaka alama ya mita 30.00 ikae sawasawa na mkwaruzo, vuta juu. Chaki iliyolowa hubadilika rangi. Ikiwa imelowa mita 2.14, maji yako mita 27.86 chini. Kama mkwaruzo uko mita 1,093.42 kutoka usawa wa bahari, maji yako mita 1,065.56. Rudia mara mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, rudia tena. Andika saa, na andika kama kuna pampu inayonguruma jirani.

Loga, vifaa vinavyoning'inizwa kisimani na kurekodi vipimo vyenyewe, ni nzuri, na mbili tatu zinafaa. Nyingi hupima uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa, kwa hiyo usipoweka nyingine juu ya ardhi ya kupima hewa peke yake, utaona maji "yakipanda na kushuka" sentimita tatu nne mara mbili kwa siku. Huo ni mgandamizo wa hewa, ambao kwetu hufika kileleni karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Na loga haikuondolei safari: kila baada ya miezi mitatu nenda na utepe uihakiki.

Anayeubeba mpango ni msoma vipimo wa kijijini. Chagua mtu anayeishi hatua chache kutoka kisimani, mpe daftari la nakala mbili na ufunguo wa kufuli, apime kila Jumatatu asubuhi. Posho yake iwe ndogo lakini ifike kwenye simu tarehe ile ile kila mwezi. Nimeona kumbukumbu za miaka sita zikikatika kwa sababu posho ya miezi minne ilikwama mezani kwa mtu.

Weka pia kipima mvua jirani, na uwaombe wenye visima vinavyopampwa usomaji wa mita zao. Hapa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakusaidia: kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya bonde la maji, na nchi yetu ina mabonde tisa. Nenda bodi ya bonde lako mapema, kabla hujakata mkwaruzo wa kwanza. Usipojua kiasi kilichovutwa, hutajua kama maji yameshuka kwa ukame au kwa pampu.

Mvua zikikatika, mwezi wa tano, chora mchoro wa mwaka kwa mkono kwenye karatasi kubwa na uupeleke kijijini. Msoma vipimo ndiye aueleze, wewe kaa pembeni. Mwaka jana mzee mmoja aliweka kidole kwenye mstari pale ulipoinuka, akasema, "Hii ni ile wiki mto ulikata barabara." Nilifungua daftari. Ilikuwa wiki hiyo hiyo.