Kabla ya mchanga, toa upepo

Kwa mnaopenda kuzunguka na baiskeli njia za vumbi za Kigamboni, Dar es Salaam: mkishuka kwenye pantoni na lami ikaisha, simameni mtoe upepo kidogo kwenye matairi kabla ya kuingia mchangani. Tairi la upana wa milimita 40 lenye psi 40 (kipimo cha mgandamizo wa upepo) lishushe hadi 30 hivi, na la mbele liwe laini kidogo kuliko la nyuma, maana uzito mwingi wa mwili uko nyuma. Tairi laini hutanuka na kuulalia mchanga badala ya kuuchimba, na usukani hautayumba ovyo. Huna geji ya kupimia upepo? Bonyeza kwa dole gumba: libonyee, ila lisiguse rimu. Usizidishe, hasa kwenye mawe na mizizi. Tyubu ikibanwa na rimu hutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, fundi akiyaona tu anajua ulichofanya. Mchanga mkavu wa ufukweni nao utakushinda tu, shuka usukume. Na pampu ubebe mwenyewe, kwa sababu kurudi na tairi laini kwenye lami ni kukanyaga pedeli mpaka magoti yalalamike.