Jinsi ya Kuelewa Majibu ya Lukemia Kali Yenye Kromosomu ya Philadelphia

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka hospitali ya Maweni, Kigoma, kwenda ile ya Bugando jijini Mwanza au Muhimbili, Dar es Salaam, huenda akasafiri akiwa na jina moja tu la ugonjwa wake: saratani ya damu. Jina hilo halitoshi. Lukemia kali ya limfoblasti, ambayo huujaza uboho chembe nyeupe changa zisizokomaa, ina aina nyingi kutegemea jeni zilizobadilika, na mojawapo, ile yenye kromosomu ya Philadelphia, ina dawa inayoilenga yenyewe. Kwa hiyo ndugu anayemsindikiza mgonjwa aulize tangu siku za mwanzo: je, kipimo cha Philadelphia kimefanyika, na kwa njia gani?

Kwa kawaida chembe ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba jeni. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, waliokuwa wakifanya utafiti Philadelphia nchini Marekani, waliona kromosomu moja iliyokuwa fupi kuliko kawaida, ndiyo iliyopewa jina la mji huo, kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu inayokwenda polepole, na mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu namba 9 na namba 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Mabadilishano hayo huikutanisha jeni ya ABL1 na jeni ya BCR, na jeni inayozaliwa hutengeneza protini inayoamuru chembe zigawanyike bila kukoma. Alama hiyohiyo hupatikana pia kwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 wenye lukemia kali ya limfoblasti, ilhali kwa watoto ni takriban 3 hadi 5 kati ya 100.

Mabadiliko haya hayarithiwi. Hutokea ndani ya uboho wa mgonjwa mwenyewe, hayamo katika mbegu ya baba wala yai la mama, na hayawafanyi ndugu zake wahitaji kupimwa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mtoto anapougua ugonjwa mzito, lawama humwangukia mama au ukoo wake upesi mno, na katika ugonjwa huu lawama hiyo haina msingi wowote.

Sasa ichukue karatasi ya majibu. Ukikuta mstari ulioandikwa 46,XY,t(9;22)(q34;q11.2), usome hivi: 46 ni idadi ya kromosomu, XY ni mwanamume, herufi t huonyesha kwamba vipande vimehama, 9 na 22 ndizo kromosomu zilizobadilishana, na mabano ya mwisho hutaja mahali zilipokatikia. Maabara nyingine huandika BCR::ABL1 au Ph+ tu, na maana ni ileile.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni pale karatasi inaposema kwamba alama haikuonekana. Picha ya kromosomu huhitaji chembe hai zinazoendelea kugawanyika, hivyo sampuli ya uboho iliyochelewa njiani inaweza kutotoa jibu kabisa, na kutopata jibu si sawa na kukosa ugonjwa. Kipimo cha PCR, ambacho huzidisha nakala za ujumbe wa jeni (RNA) ili uonekane, nacho hutafuta ujumbe wa kutengeneza protini ya ukubwa maalumu: katika lukemia sugu ya mieloidi kwa kawaida ni p210, lakini wagonjwa wengi wa lukemia kali ya limfoblasti wenye alama hii wana p190. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya p210 peke yake kinaweza kuipita p190 bila kuiona. Kwa maoni yangu, hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote ambayo familia inaweza kumuuliza daktari: “Mlitafuta p190 pia?”

Alama ikithibitishwa, kidonge cha kuizuia protini hiyo, kama imatinibu au dasatinibu, huongezwa kwenye matibabu mengine ambayo daktari atayapanga. Imatinibu humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, na inaweza kuleta kichefuchefu, uvimbe kuzunguka macho na kukaza kwa misuli. Mgonjwa asiiache kwa sababu tu amepata nafuu, maana chembe chache zilizosalia zisizoonekana kwa hadubini zinaweza kuurudisha ugonjwa, na ndiyo sababu PCR hurudiwa wakati wa matibabu. Mwenye kutumia dawa za kifua kikuu amweleze daktari mapema, kwani rifampisini hupunguza sana kiwango cha imatinibu katika damu.

Mgonjwa anaporudi nyumbani Ujiji, Kasulu au Uvinza, homa ichukuliwe kuwa dharura. Huku kwetu homa huitwa malaria kabla hata ya kupimwa, lakini mtu ambaye chembe zake nyeupe zimeshushwa na dawa anaweza kuzidiwa na bakteria katika muda wa saa chache, hata kama kipimo cha haraka kimeonyesha vimelea vya malaria. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, akiwa na karatasi inayotaja aina ya lukemia yake, dawa anazotumia na namba ya simu ya kliniki inayomtibu, ili mhudumu wa zamu aanze antibayotiki bila kungoja maelezo marefu.